Alama ya Kutoa Inayotangulia

"Gramu 0.53 za sodiamu kaboneti kavu ziliyeyushwa katika maji yaliyosafishwa, yakaongezwa maji mpaka myeyusho ukafika sentimita za ujazo 100. Sentimita za ujazo 20 za myeyusho huo zilihitaji sentimita za ujazo 25 za asidi hidrokloriki kukamilisha mmenyuko, methili oranji ikiwa kiashiria. Kokotoa ukolevu wa asidi hiyo na pH yake."

Swali hili nililikuta kwenye daftari la mpwa wangu, akiwa likizo nyumbani kwao Zagayu. Zagayu ni kata ya Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Kabla mkoa haujazaliwa mwaka 2012 tulizoea kusema huku kote ni Bariadi, na wazee wapo wanaosema hivyo mpaka leo. Mpwa wangu yuko kidato cha tano, anachukua PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, katika shule ya bweni mbali na hapa. Swali lenyewe limeandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo kemia yote ya sekondari, nami nimelitia Kiswahili sentensi kwa sentensi ili nilisome jinsi ninavyosoma shairi: fani kwanza, maudhui yafuate. Kemia niliisoma mpaka kidato cha sita, kisha nikahamia fasihi nikidhani nimevuka mto usio na daraja. Jioni ile barazani, daftari likiwa mapajani, nililiona daraja.

Nianze na vitenzi. Ziliyeyushwa. Zilihitaji. Nani aliyeyeyusha? Hayupo. Gramu zinatendwa, sentimita zinahitaji, na upatanisho wa Kiswahili unazifunga zote kwa kiambishi kimoja, zi-, kinachorudi na kurudi kama kina. Binadamu anaingia mwishoni kabisa, tena kwa amri: kokotoa. Masikioni mwangu kitenzi hicho hakitengani na kokoto, na ninapokisikia namwona mtu aliyechuchumaa akihamisha vijiwe kimoja kimoja. Anafika wakati kila kitu kimekwisha kutendeka. Asidi imemwagwa, rangi imegeuka, bureti imeoshwa. Kilichobaki ni kuhesabu.

Mandhari nayo hayapo. Katika kitendawili, aliyeshindwa huambiwa atoe mji, naye atataja Mwanza au Unguja, mtegaji auzunguke kwanza ndipo afumbue. Katika swali la kemia hakuna anayetoa mji. Silaumu. Ukavu huo una kazi yake: kinachosemwa lazima kiweze kurudiwa popote na mtu yeyote, na jibu lisibadilike. Ni utanzu unaokataa mahali kwa makusudi, na heshima yake yote inatokana na kukataa huko.

Lakini palipo ukavu namna hii, kila neno lililobakizwa lina mzigo. Tazama kishazi cha mwisho cha sentensi ya pili, "methili oranji ikiwa kiashiria". Kimening'inizwa pale kama kitu cha kusemea pembeni, na mwanafunzi mwenye haraka hukiruka. Kumbe ndicho kinachoshika ufunguo wa hesabu nzima. Kaboneti hupokea asidi kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza inaigeuza kuwa baikaboneti, ya pili inaimaliza, gesi ya kabonidayoksaidi ikitoka. Methili oranji hungoja mpaka hatua zote mbili ziishe ndipo iache manjano ielekee wekundu. Fenolfthalini, ile wanafunzi wanayoiita POP, haina subira hiyo. Waridi lake hufifia hatua ya kwanza inapokamilika, na kwa myeyusho huu bureti ingesoma sentimita za ujazo 12.5 badala ya 25. Mtu akibadilisha jina la rangi tu, asiguse kitu kingine, amebadilisha idadi ya chembe za asidi zinazokutana na kila chembe ya kaboneti. Mbili inakuwa moja. Katika mashairi nimeona neno moja la kibwagizo likigeuza ubeti mzima, ila sijapata kuona kishazi tegemezi chenye nguvu kama hiki.

Sasa jibu. Mpwa wangu aliliandika kwa mpangilio anaoufahamu kila aliyepita sekondari Tanzania: vilivyotolewa, kinachotakiwa, kanuni, kazi, kisha zile nukta tatu za pembetatu zinazosomwa "kwa hiyo". Huo ni muundo mkali kuliko wa utenzi. Gramu 0.53 zikigawanywa kwa 106, ambao ndio uzito wa moli moja ya sodiamu kaboneti, unapata moli 0.0050. Zimo katika desimita ya ujazo 0.1, basi ukolevu ni 0.050. Sentimita za ujazo 20 zinabeba moli 0.0010, asidi iliyohitajika ni mara mbili yake, moli 0.0020, nayo ilikuwa ndani ya sentimita za ujazo 25. Ukolevu wa asidi ni moli 0.080 kwa desimita ya ujazo.

Mpaka hapo hadithi inakwenda mbele kwa hatua za kawaida, gawanya, zidisha, gawanya. Halafu unakuja mstari wa mwisho, na lugha inabadilika ghafla: pH ni kutoa logi ya ukolevu wa ioni za haidrojeni. Kutoa, logi, 0.080. Jibu 1.10.

Mstari huo una historia. Aliyeuandika ni Søren Sørensen, mkemia wa Denmark, mwaka 1909, akiwa mkuu wa idara ya kemia katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, maabara iliyoanzishwa na mwenye kiwanda cha bia. Alikuwa akichunguza vimeng'enya, vitu ambavyo utendaji wao hupanda na kushuka kwa tofauti ndogo mno za asidi, na alichoka kuandika sifuri nyingi baada ya nukta. Akaamua kuandika kipeo peke yake, na alama ya kutoa aiweke mbele ili jibu lisomeke bila hasi. H ni haidrojeni. Ile p ndogo imezua mabishano hadi leo: wapo wanaosema inasimamia nguvu au kipeo, neno ambalo Kijerumani, Kifaransa na Kidenmark vyote vinalianza kwa p, na wapo wanaosema ilikuwa herufi tu aliyotumia kutofautisha myeyusho mmoja na mwingine. Mimi nairidhia bila maana. Herufi ndogo inayotangulia herufi kubwa, kama mtoto anayemwongoza mzee njiani, inatosha kumwambia msomaji kwamba hapa kuna jambo limepinduliwa.

Na kweli limepinduliwa. Alama ya kutoa inafanya asidi inapozidi, namba ipungue. Logi inafanya kila hatua moja ya namba iwe mara kumi ya kitu. Sikio letu halikuzoea hivyo. Tuseme uji wa ukwaju ulioko jikoni una pH 3.6, na maziwa mabichi yaliyokamuliwa asubuhi yana 6.6. Ukisikia 3.6 na 6.6, moyo unakuambia kimoja kinakaribia nusu ya kingine. Tofauti ni tatu, na tatu hapa maana yake kumi mara kumi mara kumi: ioni za haidrojeni katika uji ni mara 1,000 ya zile za maziwa. Umbo linanong'ona pale ambapo kitu chenyewe kinapiga kelele. Mhakiki angeiita tafsida, lugha inayopunguza ukali wa jambo ili litamkike, na kama tafsida zote inamtaka msikilizaji ajue kilichopunguzwa.

Kuna jambo jingine katika ile 1.10 ambalo nililisahau kabisa, nikakumbushwa na kitabu cha majedwali cha tarakimu nne kilichokuwa chini ya daftari, jalada lake limeng'oka. Zamani logi ya 0.080 hatukuipata kwa kubonyeza kitufe. Tulitafuta 8 kwenye jedwali, tukakuta .9031, kisha tukatazama nukta ya desimali imekaa wapi na kuandika mbele yake 2 yenye kistari kichwani: baa mbili nukta 9031. Kistari kile kilikuwa fundisho zima. Kilisema kwamba hasi ni ya ile 2 peke yake, na desimali zinabaki chanya. Yaani sehemu nzima ya logi ni anwani tu, inaeleza namba iko kwenye sehemu za kumi au za mia au za elfu, na namba yenyewe, zile tarakimu ulizozipima kwa jasho kwenye bureti, imo ndani ya desimali. Hasi mbili na chanya .9031 zikikutana unapata hasi 1.0969, alama ya kutoa iliyotangulia inaigeuza chanya, unaandika 1.10. Desimali mbili, kwa sababu 0.53 ya mwanzo ilipimwa kwa tarakimu mbili. Mwanafunzi anayeandika 1.09691001 kwa kuwa ndivyo kikokotoo kilivyosema, anadai usahihi ambao mzani haukumpa. Anayeandika 1 tu ametupa kipimo chote, akabaki na anwani. Walimu husahihisha kosa hilo kwa wino mwekundu bila maelezo, na nadhani ni hasara, maana ndipo mahali pekee katika swali zima ambapo mkono uliopima unaonekana.

Mpwa wangu alikuwa kimya kitambo, akiandika. Kisha akanisogezea ukurasa mwingine.

"Mjomba, hii imekaaje? Nimefuata kanuni ileile."

Swali lilikuwa fupi. Asidi hidrokloriki yenye ukolevu wa moli 0.00000001 kwa desimita ya ujazo, yaani kumi kwa kipeo cha hasi nane, tafuta pH. Alikuwa ameandika vilivyotolewa, kinachotakiwa, kanuni, kazi. Logi ya kumi kwa hasi nane ni hasi nane. Kutoa hasi nane ni nane. Nukta tatu za pembetatu, pH ni 8. Akapiga mistari miwili chini ya jibu, kwa rula.

"Lakini nane ni besi," akasema. "Asidi gani ina pH nane?"

Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Fani ilikuwa imetimia, mizani sawa, vina sawa, na ubeti ukawa unasema uongo, naye akausikia. Wapo wengi wanaopiga mistari miwili chini ya uongo wa namna hiyo na kugeuza ukurasa.

Tulirudi pamoja kwenye swali la kwanza kumtafuta mhusika tuliyemsahau. Yuko palepale katika sentensi ya kwanza: maji. "Katika maji yaliyosafishwa." Katajwa mara mbili, na katika hesabu nzima hakupewa hata nafasi moja. Tulimchukulia kama chombo, kama kikombe ambacho habari zimewekwa ndani yake. Kumbe maji safi kabisa nayo hujivunja kidogo, na kwa nyuzi joto 25 yana ioni za haidrojeni moli kumi kwa kipeo cha hasi saba katika kila desimita ya ujazo. Mbele ya 0.080 mchango huo ni mnong'ono sokoni. Kuupuuza ni haki. Mbele ya kumi kwa hasi nane, maji ndiyo yanayosema kwa sauti, na asidi ndiyo inayonong'ona. Ukiyapa maji nafasi yao, ioni za haidrojeni zikawa x na za haidroksidi zikawa x ukitoa ile asidi iliyoongezwa, na zao lao likabaki kumi kwa hasi kumi na nne kama maji yanavyodai siku zote, unapata mlinganyo wa kipeo cha pili. x inatoka 0.000000105. pH ni 6.98. Chini kidogo ya saba, kama inavyostahili asidi iliyozimuliwa karibu ya kutoweka.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kanuni fupi ya pH ni umbo lililojengwa juu ya ukimya wa maji. Ukimya huo ni wa haki mara nyingi, na ndiyo maana umbo likawa zuri, jepesi, la mstari mmoja. Ila mwanafunzi anayefundishwa umbo bila kuambiwa limemnyamazisha nani, hawezi kujua ni wakati gani aliyenyamazishwa anapaswa kusikilizwa. Anabaki na mizani tupu. Na anapojifunza kwa lugha ambayo hailii ndani yake, masikio ya kukamata uongo huchelewa kuota. Mpwa wangu aliukamata kwa Kiswahili. Daftari lilisema "basic", mdomo wake ukasema "besi", na mshangao ukaja na neno la mdomo.

Maneno yenyewe tunayo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na hata kabla yake lugha ilikuwa na akiba jikoni. Chukua kukolea. Chumvi imekolea, rangi imekolea, utani umekolea. Ni neno la ulimi, la kitu kilichojaa ndani ya kitu kingine mpaka kikajulikana. Ukolevu wa asidi ni hilohilo, kiasi kilichomo kwa kila ujazo. Kuzimua ni kulegeza kwa maji. Na kali ni habari nyingine kabisa: mbwa mkali, jua kali, dawa kali, tabia ya kitu chenyewe hata kikiwa kidogo. Asidi hidrokloriki ni kali kwa maana hiyo, chembe zake zote huachia haidrojeni zinapoingia majini. Asidi ya siki ni dhaifu, nyingi kati ya chembe zake hubaki zimeshikamana. Zikoleze zote mbili sawasawa, moli 0.10 kwa desimita ya ujazo: ya kwanza ina pH 1.00, ya pili 2.87. Lakini ukizimwagia besi kwenye chupa, zote mbili zitadai kiasi kilekile mpaka ziishe. Bureti hupima ukolevu, pH husikiliza ukali pamoja na ukolevu, na swali la mpwa wangu liliweza kutoka kimoja kwenda kingine kwa mstari mmoja kwa sababu tu asidi yake ilikuwa kali. Ingekuwa siki, mstari ule ule ungedanganya tena. Wanafunzi wengi huchanganya mambo haya mawili katika Kiingereza. Sijakutana na mpishi wa Kiswahili anayechanganya pilipili kali na chumvi iliyokolea.

Dada yangu, mama yake, alitoka jikoni kutafuta kitu kwenye kikapu kilichokuwa nyuma ya kiti changu. Kilikuwa magadi. Alikuwa na makande motoni, mahindi yamekaza, akavunja kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, akakisaga kwa mgongo wa kijiko.

"Kidogo tu," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Yakizidi, makande yananuka sabuni."

Mpwa wangu alikitazama kile kijiko, halafu daftari. Magadi ni sodiamu kaboneti iliyofungamana na baikaboneti na maji, pamoja na chumvi na vumbi la kule yalikotoka. Ardhi ya Bonde la Ufa imejaa chumvi hizi, kuanzia Eyasi, mashariki ya Meatu, hadi Natron ambako maji ya ziwa yanapita pH 10. Myeyusho wa swali letu, ule wa 0.050 kabla haujakutana na asidi, unafika kama 11.5 kwenye kipimo. Ni alkali hiyo inayolegeza kuta za mahindi na maharage yakaiva upesi, na ndiyo hiyohiyo inayoharibu vitamini B1, na ikizidi inayoleta ladha ya sabuni. "Kidogo tu" ya dada yangu ni hesabu ya ukolevu. Ina ujazo wake, chungu kile kile cha siku zote. Ina kiashiria chake, ulimi na pua. Na ina kikomo alichokivuka siku moja zamani, hakurudia. Tofauti ya kifani ni kwamba sentensi yake ina mtu ndani yake, ina chungu na ina mji, na haiwezi kusafiri bila yeye. Ile ya daftari inasafiri popote kwa sababu wote hao wameondolewa.

Nilimwambia mpwa wangu tujaribu kuliandika swali upya, safari hii litokee hapa. Alifungua ukurasa safi. Akaandika kwa Kiswahili, polepole, akifuta na kurudia: gramu kadhaa za magadi kutoka sokoni zilisagwa na mama. Akasita kwenye "na mama", akaacha ibaki. Ziliyeyushwa katika maji ya lambo. Hapo kalamu ikasimama. Maji ya lambo yana udongo, akasema, na kama yana chokaa, kaboneti itashikana nayo itulie chini nyeupe kabla hata asidi haijafika, na hatutajua ni kiasi gani kimepotea. Halafu na ule uvundo wa mifugo.

Akakata "ya lambo" kwa mstari mmoja, juu yake akaandika "yaliyosafishwa", akaendelea na sentensi.